Barua ya wazi kwa wakuu wa reli: njia ifungwe kabla genge halijaanza kazi

Kwa wakurugenzi wa mashirika ya reli, kwa wapangaji wa ratiba za treni, na kwa mamlaka zinazosimamia usalama wa reli.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuhusu watu ambao abiria huwaona kwa sekunde chache tu kupitia dirishani: genge la mafundi na vibarua lililosimama kando ya tuta, sururu na mitaimbo mkononi, likingoja treni ipite ili lirudi katikati ya reli. Watu hao ndio wanaokaza nati, wanaobadilisha mataruma yaliyochakaa (yale yanayolala chini ya reli na kuzishikilia), wanaoshindilia kokoto na kunyoosha reli iliyopinda. Katika njia nyingi wanafanya kazi hiyo huku treni zikiendelea kupita, na kinga yao kubwa ni macho ya mwenzao mmoja, filimbi, na miguu yao wenyewe. Nina ombi moja, na mengine yote katika barua hii yanatokana na hilo: njia ifungwe kwa treni kabla mfanyakazi hajaingia kati ya reli, na ufungaji huo uwe kitu ambacho genge linaweza kukithibitisha lenyewe, lisitegemee kuambiwa tu.

Naomba nianze na hesabu. Treni inayokwenda kilomita 120 kwa saa hukata zaidi ya mita 33 kila sekunde. Kanuni ya Marekani ya kuwalinda wafanyakazi wa njia, iliyoanza kutumika mwaka 1997, inataka mfanyakazi anayetegemea onyo la mlinzi, yaani mwenzake aliyewekwa kutazama treni, awe amekwisha kufika mahali salama sekunde 15 kabla treni haijafika alipokuwa akifanya kazi. Kwa mwendo niliotaja, sekunde hizo 15 ni mita 500. Juu yake uongeze muda wa kulisikia onyo, kuzima mashine, kuondoa mtaimbo uliolala juu ya reli, na kupanda kokoto zinazoteleza hadi pembeni. Tukikadiria kwamba yote hayo yanachukua sekunde 10, na kwa mtu aliyeshika kifaa kizito hizo ni chache, mlinzi anapaswa kuiona treni ikiwa bado umbali wa mita 833. Waulizeni wakaguzi wenu ni sehemu ngapi za njia, zenye kona, madaraja, ukungu wa asubuhi na vichaka visivyofyekwa, ambako mtu aliyesimama chini anaweza kuona umbali huo pande zote mbili. (Na kazi ya kufyeka vichaka hivyo, kwa taarifa yenu, ni ya genge hilohilo, nayo hufanyika njia ikiwa wazi.)

Hesabu hiyo imechukulia kwamba mlinzi hachoki, hageuki, hapigiwi simu na msimamizi wake, wala haombwi ashike upande mmoja wa kitu kizito mara moja tu. Kila aliyewahi kufanya kazi ya njia anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Genge limepungukiwa na mtu mmoja, kazi ni ile ile, na mtu wa kwanza kuonekana kwamba hafanyi kitu ni yule aliyesimama anatazama. Mara ya kwanza anaombwa asaidie kwa dakika moja na hakuna kinachotokea, mara ya pili vilevile, na baada ya muda huo ndio unakuwa utaratibu wa kawaida wa genge, utaratibu ambao hakuna aliyeuandika na hakuna mkubwa aliyeuona.

Penye njia mbili zilizo sambamba, hatari hubadilika sura. Genge husikia treni, hutoka kwenye njia ya kwanza na kusimama kwenye ya pili, kisha treni ya upande wa pili huja ikiwa imefichwa na kelele za ile ya kwanza. Mafundi wazoefu huwafundisha wageni jambo hili siku ya kwanza, lakini mafunzo hayo hayawezi kuubadilisha ukweli kwamba sikio haliwezi kutofautisha ngurumo mbili zinazokuja pamoja. Kadiri treni zinavyobadilishwa kutoka dizeli kwenda umeme, na reli zinavyochomelewa ziwe ndefu zisizo na viungio, ndivyo treni zinavyozidi kuwa kimya zinapokaribia. Mlio wa magurudumu ambao wazee wetu waliutegemea unapungua kila mwaka, huku mashine tunazopewa za kukazia nati na kushindilia kokoto zikizidi kupiga kelele.

Tarehe 3 Julai 2019, huko Margam nchini Wales, wafanyakazi wawili waligongwa na treni ya abiria wakafariki, na wa tatu akaponea chupuchupu. Walikuwa wakitumia mashine yenye kelele kulegeza nati mahali njia zinapogawanyika, kwenye njia iliyokuwa bado inapitisha treni, bila mlinzi aliyewekwa rasmi kuwaonya. Dereva alipiga honi na kufunga breki. Naitaja ajali hiyo kwa sababu ilitokea mchana, katika nchi yenye vitabu vinene vya kanuni za reli. Kama kanuni zilizoandikwa na watu waliofunzwa zingetosha kumlinda mfanyakazi kwenye njia iliyo wazi, zingewalinda watu wale.

Najua jibu ambalo baadhi yenu mnalo tayari: kwamba njia hufungwa pale kazi inapokuwa kubwa. Ni kweli, ila kufungwa kwa njia kumekuwa maneno yanayopita kwenye redio ya upepo au simu, kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na maneno huweza kusikika vibaya, kutangulia, au kuchelewa. Usiku wa tarehe 30 Agosti 2023, huko Brandizzo karibu na Torino nchini Italia, wafanyakazi watano wa kampuni ya mkandarasi waliuawa na treni iliyokuwa ikienda takribani kilomita 160 kwa saa. Walikuwa wameanza kazi ya kubadilisha kipande cha reli, na kibali cha kuifunga njia kilikuwa hakijatolewa. Watu watano hawakuwa na kitu chochote mbele ya macho yao cha kuwaonyesha kama njia imefungwa au la. Reli iliyofungwa na reli iliyo wazi zinafanana kabisa ukizitazama ukiwa umesimama kwenye taruma, na hilo ndilo jambo ninalowaomba mlikumbuke kila mnapopitisha utaratibu mpya.

Kuna njia za kumpa msimamizi wa genge ushahidi anaoweza kuushika, na nyingine ni za zamani kuliko sisi sote. Kwenye njia isiyo na ya pili sambamba, inayoendeshwa kwa tokeni (kifaa kama fimbo au ufunguo), dereva haruhusiwi kuingia kwenye kipande cha njia bila kuwa na tokeni ya kipande hicho mkononi. Tokeni hiyo ikiwa kwa msimamizi wa genge, hakuna dereva mwingine anayeweza kupewa ya pili, na msimamizi hahitaji kumwamini mtu yeyote aliye mbali. Kwenye njia zinazotambua treni kwa mkondo mdogo wa umeme unaopita ndani ya reli, waya mzito ukiunganishwa kutoka reli moja hadi nyingine huufanya mfumo uone kana kwamba kuna treni mahali hapo, na ishara ya nyuma yake hubaki nyekundu hata kama mwongozaji wa treni, yule anayeziruhusu kupita akiwa mbali, amesahau kabisa kwamba kuna watu.

Umuhimu wa waya huo ulionekana tarehe 3 Aprili 2016 huko Chester, jimbo la Pennsylvania. Treni ya abiria iligonga mashine ya kuchimbia iliyokuwa kwenye njia, na wafanyakazi wawili wakafariki. Wachunguzi walikuta kwamba msimamizi wa zamu ya usiku alikuwa ameirudisha ruhusa yake ya kuzuia treni, msimamizi wa zamu ya mchana alikuwa hajaomba ya kwake, na waya wa kuunganisha reli haukuwa umewekwa. Kila mmoja katika mnyororo ule alidhani ulinzi upo, kumbe ulikuwa umeondoka pamoja na watu wa zamu iliyotangulia. Ningependa kila shirika liwe na sheria rahisi kuhusu kupokezana zamu: kazi isimame, vifaa vyote vitoke njiani, na watu wapande pembeni mpaka msimamizi anayeingia ashike kibali chake mwenyewe, kilichoandikwa kwa jina lake. Dakika ambazo zitapotea hapo ni chache kuliko zile zinazopotea kila siku treni zikisubiriana kwenye stesheni.

Tahadhari moja kwa wale wanaonunua mitambo mipya. Mifumo mingi ya kisasa haitumii tena mkondo wa umeme ndani ya reli, hutumia vihesabio vinavyohesabu ekseli (mihimili ya magurudumu) zinazoingia na kutoka. Kwenye njia ya namna hiyo waya wa kuunganisha reli haufanyi lolote, na fundi aliyezoea mfumo wa zamani anaweza kuufunga kwa uangalifu wote akaamini amelindwa. Mkinunua mfumo mpya bila kununua pamoja nao kifaa kipya cha genge kuifungia njia, mtakuwa mmeliondolea kinga liliyokuwa nayo na hakuna karatasi itakayoonyesha hivyo. Swali la kifaa hicho liulizwe kabla mkataba haujasainiwa, na aulizwe fundi wa njia, ambaye kwa kawaida hukutana na mtambo mpya siku unapowashwa.

Hata njia iliyofungwa kweli ina hatari zake za ndani. Alfajiri ya tarehe 15 Februari 2004, huko Tebay kaskazini mwa Uingereza, toroli lililopakiwa reli lilianza kuteremka lenyewe mlimani gizani, likakimbia kilomita kadhaa na kuwagonga wafanyakazi waliokuwa kazini, na wanne kati yao wakafa. Breki za toroli lile zilikuwa zimefanywa zisifanye kazi, na mwaka 2006 mahakama iliwatia hatiani watu wawili kwa vifo hivyo. Hakuna treni ya ratiba iliyohusika. Kwa hiyo ninapoomba njia ifungwe simaanishi kwamba kazi ya usalama itakuwa imekwisha. Toroli na viberenge vikaguliwe breki zake kabla ya kupanda reli, na pale penye mteremko kiwekwe kizuizi juu ya reli kati ya vyombo hivyo na watu walio chini.

Sasa niseme kwa nini ninaamini njia hazifungwi inavyopasa, na hapa ninawazungumzia zaidi wapangaji wa ratiba. Kuchelewa kwa treni kunahesabiwa: kila dakika huandikwa, huwa na mwenyewe wa kulaumiwa, na mwisho wa mwezi hufika mezani kwa mkurugenzi. Fundi aliyeruka pembeni sekunde tatu kabla ya treni hahesabiwi popote. Msimamizi wa genge akiomba njia ifungwe kwa saa mbili, ombi lake linakutana na mwongozaji anayejua kwamba ataulizwa kuhusu dakika zile na hataulizwa kuhusu sekunde hizi. Basi anampa dakika 20 kati ya treni mbili, na dakika hizo 20 zinageuka kuwa 12 baada ya kuondoa muda wa kuwasiliana, kupanga vifaa na kuviondoa. Kazi ya saa mbili inafanyika vipandevipande kati ya treni na treni, na kila kipande kina kuingia kwake na kutoka kwake, yaani mwanya mwingine wa kukosea. Silaumu mwongozaji katika hilo, kwa maana anafanya kile ambacho mfumo unamlipa afanye.

Dawa yake iko kwenye ratiba yenyewe. Muda wa matengenezo uandikwe ndani ya ratiba kama treni inavyoandikwa, ukiwa na saa ya kuanza na saa ya kumaliza kwa kila sehemu ya njia, na usiondolewe kwa sababu ya treni ya ziada mpaka mtu mwenye cheo cha juu ameweka saini na kueleza sababu. Treni zikizidi, njia huchakaa haraka zaidi na huhitaji matengenezo mengi zaidi, lakini ratiba iliyojaa huacha nafasi ndogo ya kuyafanya. Anayepanga treni mpya bila kupanga saa za kuitunza njia hiyo anakopa, na anayelipa deni ni mtu aliyeinama juu ya nati.

Kuna suala la wakandarasi, ambalo naliona limepewa uzito mdogo kuliko linavyostahili. Kazi ya njia inazidi kutolewa kwa kampuni za nje, nazo huigawa kwa nyingine, mpaka yule anayeshika sepeto hajui amwulize nani kama njia imefungwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba waajiri wawili au zaidi wanaofanya kazi mahali pamoja kwa wakati mmoja wanapaswa kushirikiana katika usalama, na kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Bado kuna vibarua wanaonunua viatu vyao wenyewe na wanaolipwa kwa mita walizomaliza. Malipo ya namna hiyo kwenye njia iliyo wazi ni sawa na kumlipa mtu ili asitoke njiani mapema, na ningeshauri mamlaka za usalama ziyapige marufuku moja kwa moja. Mwenye reli ndiye mwenye treni, ndiye mwenye ishara, na ndiye pekee anayeweza kuifunga njia. Wajibu huo hauwezi kuhamishwa kwa mkandarasi kwa kuongeza kifungu kwenye mkataba.

Mkataba huohuo unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba maisha yake yako katika hatari kubwa ya papo hapo. Kanuni ya Marekani niliyoitaja inakwenda mbali zaidi, inampa mfanyakazi wa njia haki ya kupinga kwa nia njema utaratibu wa ulinzi aliopewa na kukaa nje ya reli mpaka pingamizi lake limejibiwa. Haki hiyo ipo kwenye karatasi nyingi. Kinachokosekana ni mfano wa mtu aliyeitumia na akaitwa tena kazini wiki iliyofuata. Kibarua wa kutwa hafukuzwi kazi, haitwi tu, na kwa sababu hafukuzwi hakuna rufaa anayoweza kukata. Kama mnataka haki hiyo itumike, chombo kitakachoshughulikia mapingamizi kiwe nje ya mkandarasi, na majina ya waliopinga yafuatiliwe kwa miezi kadhaa kuona kama bado wanapangiwa kazi. Vivyo hivyo kwa taarifa za kunusurika: zipokelewe bila adhabu, zihesabiwe, na zifike mezani kwa mkurugenzi siku ileile zinapofika dakika za kuchelewa.

Kuhusu uchovu nitasema kwa ufupi, maana jambo lenyewe linajulikana. Njia zikifungwa, hufungwa zaidi usiku, na ni haki kuuliza kama tunawabadilishia watu hatari moja kwa nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa kiwango cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Dereva wa treni angezuiwa kuendesha katika hali hiyo. Msimamizi wa genge, anayeamua kama njia iko salama kwa watu na baadaye kama iko salama kwa treni, apewe ukomo wa saa za kazi unaofanana na wa dereva, na saa za kusafiri kwenda na kurudi zihesabiwe ndani yake.

Kuna pia vifo visivyoandikwa kwenye vitabu vya ajali. Kokoto zinaposhindiliwa na kumwagwa hutoa vumbi lenye silika (madini yaliyo ndani ya mawe), ambayo wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka mwaka 1997 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Ugonjwa wa mapafu unaotokana nalo huchukua miaka mingi kujitokeza, na wakati huo kibarua amekwisha kuondoka kwenye orodha ya kila mwajiri. Kulowesha kokoto kabla ya kuzimwaga kunapunguza vumbi hilo kwa gharama ndogo. Barakoa zije baada ya maji, na vipimo vya mapafu viendelee hata baada ya mkataba wa mtu kwisha.

Sikutaja fulana za kung'aa na kofia ngumu mpaka hapa, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Ni vifaa vizuri na kila mtu avae, lakini ndivyo vinavyojaza kurasa za taarifa zenu za usalama kwa sababu ni rahisi kununua na rahisi kupiga picha. Treni ya mizigo iliyo kwenye mwendo inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja ili isimame, na dereva aliyeiona fulana hiyo mita 300 mbele yake hana la kufanya isipokuwa kupiga honi.

Katika mwezi Juni 2022 mkutano wa kimataifa wa kazi uliingiza mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa haki za msingi za kila mfanyakazi, sambamba na kukatazwa kwa kazi ya kulazimishwa na ajira ya watoto. Kwa hiyo hiki ninachokiomba hakitegemei hisani. Naomba kila shirika litangaze hadharani, pamoja na ratiba yake ijayo ya treni, saa ambazo kila sehemu ya njia itafungwa kwa matengenezo. Litaje kifaa kipi kitamthibitishia msimamizi wa genge kwamba njia imefungwa. Na liseme ni kazi zipi, kama zipo, ambazo bado linakusudia zifanyike njia ikiwa wazi, kwa sababu gani, na kwa saini ya nani. Mamlaka za usalama zikatae kuidhinisha ratiba isiyo na mambo hayo. Majibu ningependa yabandikwe kwenye vibanda vya magenge pia, kwa lugha wanayoisoma wanaoingia njiani.

Wenu katika kazi,

Fundi wa njia ya reli